Paspoti inaisha, kipande (kitambulisho cha taifa) kimepotea: uchaguzi wa Kenya 2027 nitapiga kura vipi?

ABDI, KARIAKOO: Wakenya wenzangu wa Dar, salaam aleikum. Paspoti yangu inaisha mwezi ujao, nilipokuwa nyumbani Kenya ofisi moja (jina silitaji) wakasema leta kipande kwanza, na kipande kilipotea, nikaomba kingine wakanianzishia vetingi, yaani kuhojiwa kama kweli mimi ni Mkenya, kama kijana wa miaka 18, eti leta cha baba, cha babu na barua ya chifu. Babu alizikwa 1984! Swali: paspoti ikishaisha, IEBC, tume yetu ya uchaguzi, watanisajili hapa Dar kwa hiyo hiyo ama?

MAMA RIZIKI, MBAGALA: Pole mwanangu. Mie 2022 KIEMS, ile mashine ya kutambua wapiga kura, ilikataa vidole, si kukuna nazi miaka yote, nikapangusa na khanga mara tatu ndo ikakubali. Na karatasi yenyewe moja tu, ya rais. Gavana wa kwetu anayetuachia mashimo simgusi.

OTIENO TEGETA: Vetingi iliondolewa bwana, Rais Ruto alitangaza kule Wajir Februari 2025. Soma magazeti.

ABDI: Nimesoma. Karani ndo hajasoma.

MWALIMU K: Otieno usimfokee. Sisi wengine vipande tulipata kama peremende, wenzetu wa Garissa na Mandera wamehojiwa kwa miongo, na asiye na kipande wala paspoti hana kura, hakuna haja hata ya kumpiga rungu ili kumzuia. Na huku nje 2022 tulisajiliwa 10,443 nchi zote 12, nyumbani ni zaidi ya milioni 22! Katiba ya 2010 ibara ya 82 inasema tutaingizwa hatua kwa hatua, hatua zenyewe za kinyonga.

MAMA RIZIKI: Mwalimu, Dar tumepiga tangu 2013 pamoja na Uganda, Rwanda na Burundi. Wa London wamesubiri hadi 2022. Tusilie sana.

OTIENO TEGETA: Angalau sisi tunapiga. Wabongo walio nje hawapigi kabisa, na hapa uchaguzi wao wa Oktoba 2025 intaneti ikazimwa, nikakaa ndani nakula dagaa nikikumbuka kwetu Kisumu, hata mama nashindwa kumpigia wasap

MAMA RIZIKI: Otieno, permiti yako ni Klasi B, ya mgeni aliyeajiriwa. Siasa za wenyeji nyamaza.

ABDI: Haya, Alhamisi napanda basi la Mombasa, nitoke hapo mpaka Garissa, shangazi anasema kipande cha babu kiko kwenye sanduku lake la bati.

MAMA RIZIKI: Ukirudi niletee achari ya maembe. Ya hapa wanatia sukari.