Naomba ushauri: hati za shamba la babu na majina ya watumwa

Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wenu.

Katika sanduku la marehemu bibi, Wete, Pemba, tumekuta hati tatu za Kiarabu za shamba la mikarafuu. Moja ni ya 1313 Hijria, yaani 1895 au 1896, kabla ya amri ya Sultani Hamoud wa Zanzibar ya Aprili 1897 ya kufuta utumwa. Shekhe aliyetusomea anasema ni bei khiyari. Mimi nilidhani babu aliuza, kumbe ni namna ya kukopa kwa kuweka shamba rehani. Pembezoni yametajwa majina mawili ya kiume, bila ya baba zao, kila moja likifuatiwa na "khadimu wa" (mtumishi au mtumwa wa) na jina la babu yetu.

Ami yangu ananambia yaliyopita si ndwele. Kwangu mimi ni ndwele. Watu hao wana wajukuu, huenda ni majirani zetu.

Nimeuliza wazee, wanaanzia kwenye eka tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka (hifadhi ya hati za kale), nilikwenda siku moja nikarudi mikono mitupu, maana sikujua niombe jalada gani.

Basi: wenye mashamba walipodai fidia baada ya 1897, madai ya Pemba yameandikwa kwa jina la mwenye shamba au la mtumwa? Na "khadimu" katika hati za wakati ule ni mtumwa bado, au hata aliyekwisha kuachwa huru aliandikwa hivyo?