Arduino haisomi betri ya sola kwa CAN, na sasa inveta inalalamika. Naombeni ushauri

Vifaranga_Moro
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kutotolesha yenye mayai 300, inatumia sola: inveta na betri moja ya lithiamu ya volti 48. Mwezi uliopita betri ilikata saa tisa usiku. Nilipoamka mashine ilikuwa imepoa, na mayai yalikuwa siku ya 17. Niliumia sana. Sasa nataka Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) isome asilimia ya chaji na kunitumia meseji ikishuka chini ya 30.

Nimenunua moduli ya MCP2515 ya kusoma CAN (laini ya nyaya mbili ambayo vifaa hutumiana ujumbe), ile ya bluu yenye transiva ya TJA1050. Betri na inveta zinaongea kwa CAN kupitia kebo ya RJ45, kasi kilobiti 500 kwa sekunde kwa mujibu wa kijitabu. Nimechomeka kigawanyo katikati na kuvuta CANH na CANL (nyaya mbili za CAN) pamoja na GND (waya wa ardhi). Programu inasema moduli imeanza vizuri, ila haingii hata ujumbe mmoja. Rejista ya makosa, EFLG, inasoma 0x0B. Nikadhani betri inasubiri kuitwa, nikaongeza mstari wa kutuma ujumbe wenye namba 0x305 kila sekunde kama inavyofanya inveta. Hapo ndipo inveta ikaanza kutoa alamu kwamba haiipati betri. Nikichomoa nyaya zangu, alamu inaisha.

Nimeshabadilisha moduli, mambo ni yale yale.

Mkono_wa_Waya
Pole sana kwa mayai, ndugu. Ongeza rizista ya ohm 120 kati ya H na L, laini ya CAN bila rizista haifanyi kazi.

Fundi_Saketi
Hapana mkuu, asiongeze kitu kabla ya kupima. Rizista zinatakiwa mbili tu, moja kila ncha ya laini, na hapo tayari kuna ncha mbili: betri na inveta.

Vifaranga, kwanza ondoa huo mstari wa kutuma, leo hii. 0x305 ni ya inveta. Vifaa viwili vikituma namba moja vinagongana, na usiku huu betri na inveta zinahitaji kusikilizana kuliko wewe unavyohitaji data. Kisha zima kila kitu, weka multimita kwenye ohm, pima kati ya CANH na CANL. Utuambie imesoma ngapi.

Vifaranga_Moro
Asante kaka. Nimetoa mstari, alamu imetulia. Nimezima na kupima: 40.3.

Fundi_Saketi
Basi zipo tatu. 120 mbili sambamba ni 60, tatu ni 40. Ya tatu iko kwenye moduli yako. Angalia pini mbili zilizoandikwa J1, kuna jampa imezifunga. Ing'oe, upime tena.

Lakini hiyo peke yake, kwenye kebo fupi ya nyumbani, sidhani ndiyo inayokunyima ujumbe. 0x0B maana yake moduli inasikia kitu ila haikielewi, makosa ya kupokea yamejaa. Isingesikia chochote, rejista ingebaki 0. Kwa hiyo waya zako zinafika. Shaka yangu iko kwenye kasi.

Binti_Volti
Nakubaliana na Fundi. Dada au kaka Vifaranga, chukua tochi uangalie kile kikopo kidogo cha fedha kando ya chipu ya MCP2515. Kimeandikwa nini juu?

Vifaranga_Moro
Ni kaka, hehe hamna shida dada. Jampa nimeitoa, sasa inasoma 60.4. Kwenye kikopo naona 8.000.

Binti_Volti
Ndiyo hiyo. Kristali yako ni ya megahezi 8, na mfano uliounakili bila shaka una `MCP_16MHZ`. Maktaba ya programu inapiga hesabu kwa 16, kristali inatoa nusu yake, kwa hiyo ulipoomba 500 umepata 250. Betri inaongea kasi mara mbili ya masikio yako. Na ulipotuma kwa 250 ukawa unavunja ujumbe wa wenzako, ndipo inveta ikapiga kelele. Ile "imeanza vizuri" inathibitisha tu kwamba Arduino imeongea na chipu kwa SPI, yaani nyaya kati ya hivyo viwili tu. Haisemi lolote kuhusu laini ya CAN.

Andika hivi:
`CAN.begin(MCP_ANY, CAN_500KBPS, MCP_8MHZ);`
`CAN.setMode(MCP_LISTENONLY);`

Mstari wa pili ni muhimu kwako. Moduli itasikiliza tu, haitatuma wala kuthibitisha chochote, hata ukikosea tena hutagusa mawasiliano ya betri na inveta.

Vifaranga_Moro
Zinaingia!! 0x351, 0x355, 0x356, 0x35E, mfululizo. EFLG ni 0. 0x355 inaanza na 3E 00, nimegeuza kuwa namba ya kawaida nimepata 62, na kioo cha betri kinasema 62%. Mungu awabariki.

Limebaki moja. 0x356 ni 8C 14 D8 FF. Volti 52.60 ziko sawa, ila mkondo unatoka ampea 6549.6.

Fundi_Saketi
Mkondo ni namba yenye alama, yaani inaweza kuwa hasi. Umetumia `uint16_t`, weka `int16_t`. FFD8 ni −40, gawa kwa 10: −4.0, betri inatoa ampea 4.

Vifaranga_Moro
−4.0. Nimejaribu na meseji pia, nimeweka kiwango 65 kwa muda ili nione, simu imelia papo hapo. Narudisha 30. Mayai mapya yako siku ya 6.

Mkono_wa_Waya
Nimejifunza kuhusu hizo rizista, asante Fundi. Vifaranga, gundisha karatasi kwenye kigawanyo, "USITUME HAPA", akija fundi mwingine aone.