Ushauri wakuu: hoho zinanyauka na udongo umelowa chapachapa

Mkulima wa Jioni: Habari za jioni wakuu. Nina miche 600 ya hoho Kigamboni. Namwagilia asubuhi na jioni, lakini ikifika saa nne majani yamelala kama yamechemshwa. Nikiongeza maji ndiyo kwanza hali inazidi. Nipige dawa gani?

Bi Tatu: Weka samadi mwanangu. Marehemu baba hakujua dawa ya dukani, na bamia zake zilisomesha watu sita.

Kambamti: Hoho nazo zimechoka na maisha kama sisi.

Ticha Mstaafu: Maji unatoa wapi?

Mkulima wa Jioni: Kisimani tu.

Ticha Mstaafu: Ukifulia, sabuni inatoa povu?

Mkulima wa Jioni: Povu hakuna. Yana chumvi kidogo. Ila minazi ya jirani inakunywa hayohayo na inazaa! Halafu kisima ni mkopo wa kikoba, na fundi wa pampu kubwa nishampa advansi.

Ticha Mstaafu: Ugonjwa ndio huo. Kwenye osmosisi, maji hupenya utando wa seli kwenda upande wenye chumvi nyingi. Kawaida mzizi ndio mzito kwa chumvi kuliko udongo, kwa hiyo unavuta. Jua likikausha tuta, maji yanaondoka, chumvi inabaki, mwisho nje kunakuwa kuzito kuliko ndani. Hapo mzizi unanyang'anywa hata maji yake, na utando wa seli unabanduka kwenye ukuta wa seli. Tia kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi nyingi usiku kucha, asubuhi kinapindika kama mpira. Cha maji matamu kinakakamaa, hakipasuki, kina ukuta. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta, ingepasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi ni asilimia 0.9, ilingane na damu. Mnazi ni wa pwani mdogo wangu, usiufananishe na hoho.

Bi Tatu: Dripu usinikumbushe, nililazwa siku nne.

Kambamti: Hii chai! Nipo Kigamboni, juzi mvua imepiga. Chumvi si ingeoshwa?

Mkulima wa Jioni: Ya kwenu Kibada hiyo, huku Kimbiji haikufika. Chai gani, picha hii hapa.

Kambamti: Mbona tuta lina unga mweupe?

Mkulima wa Jioni: Nilidhani mbolea imepanda juu.

Ticha Mstaafu: Chumvi hiyo. Miche 10 ipe maji matamu wiki nzima ulinganishe. Pampu sitisha.

Mkulima wa Jioni: Fundi anasema advansi hairudi. Nikichanganya nusu kwa nusu je?