Mjadala: Kiti cha gavana wa Malta kilimfaa jenerali au raia?

Waingereza waliichukua Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, mwaka 1800 ikiwa tayari ni ngome, na tangu mapema wakaona kiti cha gavana ni cha mwanajeshi. Kuanzia 1851 hadi 1946 hakukikalia raia hata mmoja. Hoja yao, ambayo bado ina watetezi, ni kwamba bandari ya manowari haiachiwi mwanasiasa. Mimi naipinga, tena kwa mfano wanaoupenda wao wenyewe: mzingiro wa 1942, Wajerumani na Waitalia walipokizingira kisiwa katika Vita Kuu ya Pili.

Tarehe 23 Machi meli mbili za shehena, Pampas na Talabot, ziliponea chupuchupu zikaingia bandarini. Raia wana njaa, gavana ni Luteni Jenerali Dobbie, askari wamejaa kisiwani. Siku tatu baadaye ndege za Wajerumani zikazipiga, mzigo mwingi ungali ndani. Msafara mzima wa meli zilizotumwa, si hizo mbili tu, ulikuwa umepakia takriban tani 26,000. Zilizookolewa ni kama 5,000 tu. Kupakua meli kunataka makuli, winchi na malori, na mtu wa kuwahimiza usiku kucha. Nyota za begani hazikusaidia kitu. Mwezi Mei Dobbie akaondolewa, akaletwa Gort, jenerali mwingine!

Najua mtanitajia Jenerali Plumer. Kweli, alifika Juni 1919, siku chache baada ya askari kuufyatulia risasi umati wa Valletta, mji mkuu, uliochoshwa na bei ya mkate, na chini yake Malta ikapata bunge mwaka 1921. Hilo nampa, ingawa idhini ilitoka London.

Raia nao si malaika. Chini ya More O'Ferrall, gavana raia aliyeanza kazi 1847, Wamalta walipata wajumbe wa kuchaguliwa mwaka 1849. Mwaka huohuo akawakatalia wakimbizi wa Kiitalia kushuka. Creasy, gavana raia mwingine aliyepelekwa Malta 1949, ndiye aliyekuwa gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1948, polisi walipowaua wanajeshi wastaafu watatu mjini Accra. Suti haizuii risasi.

Ila gavana raia hakuwa na kikosi mkononi. Jeshi lilikuwa na mkubwa wake, na wawili hao waliweza kukataliana. Jenerali alikuwa yeye serikali, yeye amiri jeshi. Jeshi likilitaka shamba la mtu, mwenye shamba alimshtaki nani kwa nani? Wanaotetea majenerali wanijibu hapo kwanza.