Filta za RK05: sponji imeoza, filta kuu imeziba

Langoni: Salaam aleikum. Kuna draivu ya RK05 hapa Lamu, ile ya diski ya kompyuta za zamani za kampuni ya DEC, inayotumia katriji ya megabaiti 2.5. Sponji ya mbele imegeuka unga unaonata kama lami, na filta kuu ni nyeusi. Je, filta kuu huoshwa? Au naweza kuweka ya gari?

FundiMaweni: Waaleikum salaam. Usiioshe. Maji hulegeza mikunjo ya karatasi na kuusukuma uchafu ndani zaidi; upepo wa kompresa nao huchana nyuzi. Ya gari pia iache, kwani nyingi hupitisha vumbi dogo. Hiyo ya asili ilitengenezwa kuzuia chembe za mikroni 0.3. Kichwa kinachosoma data huelea mikroni chache tu juu ya sahani ya diski, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Chembe ya chokaa kutoka ukutani inatosha kukwaruza.

Tafuta filta ya HEPA (aina inayonasa vumbi dogo sana) daraja la H13 ya mashine ya kuvuta vumbi, yenye karatasi ya nyuzi za kioo, ya kina kile kile cha mikunjo. Mikunjo ikiwa mifupi, eneo la karatasi hupungua na upepo hudhoofika. Vaa barakoa, toa karatasi ya zamani, bakisha fremu. Kata mpya kwa wembe mpya, ukiacha milimita 2 zaidi kila upande, kisha ziba pande zote nne kwa epoksi ya sehemu mbili. Hapo kwenye kingo ndipo kazi huharibika: upepo hufuata ufa, hauna haja ya kupita kwenye karatasi. Ikikauka, ingia chumba cha giza, mulika tochi kwa nyuma. Ukiona nukta ya mwanga pembeni, ongeza gundi.

Langoni: Shukran, fundi. Na silikoni haifai? Halafu filta niijaribu kwa moshi wa udi?

BintiShela: Silikoni inayonuka siki, hapana: hutoa asidi inayokula shaba, na unyevu wa pwani huzidisha. Ipo isiyonuka siki, hiyo sawa. Moshi wa udi pia usitumie, mafuta yake hubaki kwenye nyuzi. Tochi inatosha.

Sponji mpya ya mbele iwe ya vinyweleo wazi, ila ile ya kuzibia fremu iwe mpira wa neoprini wa vinyweleo vilivyofungika. Ile ya kawaida ya godoro huenda ikaoza tena. Mabaki ya zamani usiyapulize. Yavute kwa mashine, kisha futa njia yote ya upepo kwa spiriti ya isopropili 99% na kitambaa kisichotoa nyuzi, hadi kitambaa kitoke cheupe.

FundiMaweni: Kabla ya kuwasha, kagua betri za nikeli-kadmiamu zinazovuta vichwa nyuma umeme ukikatika. Zikiwa zimevuja au zimekufa, zibadilishe kwanza. Lamu umeme ukizimika ghafla, vichwa vitabaki juu ya sahani inayopunguza mwendo. Kisha, stima ikiwa imezimwa, chomoa waya wa koili inayosogeza vichwa, funga mkono wa vichwa nyuma, kisha washa na uzungushe katriji isiyo na data kwa saa nzima ili upepo ukokote vumbi lililobaki. Ndipo uzime, ufungue mkono na urudishe waya. Ukisikia mlio mwembamba wa kukwaruza, rudisha swichi kwenye LOAD (ya kusimamisha diski) papo hapo.