Mrejesho: mita ya mizunguko ya injini kwenye gari la kale

Niliuliza jinsi ya kuendesha mita ya mizunguko katika gari la kale ambalo injini yake haina mahali pa kuchomeka kebo. Nimefuata ushauri wa kufunga giaboksi ndogo nyuma ya dainamo (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), na mita inafanya kazi. Kazi kubwa ilikuwa kuchonga mfuo katika ncha ya shafti ya dainamo, ili ulimi wa giaboksi uingie bila kubana, kwani ukikaa upande beringi italika mapema. Kebo imepita kwa kona pana, nayo nimeipaka grisi kidogo, isipokuwa sehemu ya juu, grisi isije ikapanda ndani ya mita. Mshale bado unazidisha kidogo, kwa sababu dainamo huzunguka kwa kasi kuliko injini na uwiano wa puli zangu haulingani na giaboksi. Nitabadilisha puli ya dainamo.