Taa ya kupimia, mita ama fundi? Fielder inakufa kila wikendi

mwenye_fielder:
Wasee habari. Niko na gari, Toyota Fielder, siku za kazi inawaka fiti lakini nikiipaki hapa Donholm Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi ni tik tik tik tu. Fundi mmoja amesema altaneta, ile inachaji betri injini ikiwaka, imekufa, mwingine amesema betri. Sitaki kubahatisha tena na pesa. Ninunue ile taa ya kupimia, ama mita ya dijitali, ama nimwachie fundi wa umeme? Mambo ya umeme naogopa, msinifiche.

grogan_waya:
Mita. Luthuli Avenue, Nairobi, unapata ya chini ya elfu moja. Taa inakuambia moto uko ama hauko, basi, ni ya kutafuta fyuzi iliyoungua. Haiwezi kukutofautishia volti 12.6 na 11.9 na hapo ndipo jibu lako liko. Gari ikilala imezimwa betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Sasa washa injini, ikipanda 13.8 mpaka 14.5 altaneta inachaji, ikikwama kwa 12 ndio uanze kuishuku.

mama_wa_rongai:
Mimi natetea taa, haina mahali pa kukosea. Mita niliacha waya nyekundu kwa tundu la 10A, la kupimia ampea, nikagusa betri pande zote mbili nikidhani napima volti, cheche ilitoka nikaitupa mpaka kwa majirani 😂 Na toa pete na saa ya chuma kwanza. Volti 12 haikurushi kama stima ya nyumba lakini chuma ikiunganisha betri inakuwa nyekundu kidoleni.

mzee_wa_probox:
Ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho, hivyo spana ikigusa bodi hakuna kitu. Ukijampu, yaani kuwasha kwa betri ya gari ingine, ule mdomo mweusi wa waya unaofunga mwisho shika kwa chuma ya injini, usishike kwa betri iliyoisha, hutoa gesi inayolipuka. Na fundi akitaka kung'oa teminali injini ikinguruma eti anapima altaneta, funga boneti uende zako. Volti inaweza kuruka ghafla iunguze kompyuta ya gari, ununue ingine. Mimi ningeenda kwa fundi, lakini mwenye mita mkononi.

mwenye_fielder:
Nimenunua mita. Imezimwa 12.5, inawaka 14.2. Altaneta ningenunua bila sababu kabisa!!

grogan_waya:
Basi kuna kitu kinakula betri gari ikilala. Zima kila kitu, fungua hasi, mita kwa 10A iwe kati ya teminali na ile waya yake, ngoja kama nusu saa kompyuta zitulie. Usijaribu kustati gari mita ikiwa hapo. Ikisoma zaidi ya ampea 0.05 chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke.

mwenye_fielder:
0.5. Nimechomoa fyuzi zote mpaka vidole vinauma, haishuki. Kumbe kuna waya imefungwa moja kwa moja kwa betri, haina fyuzi, inapita chini ya zulia. Mwenye gari wa kwanza alitoa spika zake akasahau ampu, ile ya kukuza sauti, chini ya kiti.

mzee_wa_probox:
Ampea 0.5 mara masaa 60 ya wikendi ni ampea-saa 30. Betri yako ni ya ngapi, 45? Imebaki nini sasa. Na hiyo waya bila fyuzi ikichubuka kwa bodi gari inaungua, itoe leo.

mama_wa_rongai:
Hiyo ampu unauza?